Mkwe Chini ya Sakafu

Mwanangu aliuma waya ya kompyuta siku ya Jumapili, tumetoka kanisani, kabla hata sijavua viatu. Hakulia mara moja. Alibaki ameduwaa, mdomo wazi, na kwenye pembe ya mdomo palikuwa na alama nyeusi kama masizi ya sufuria. Kisha akalia, nami nikalia, na Mageto, baba yake, akasimama katikati yetu akieleza kwamba waya ile ilikuwa na umeme kidogo tu.

Umeme kidogo. Nilimtazama yule mwanamume nikashangaa kwamba nilimpenda mpaka nikaihama Siongiroi kwetu.

Nyumba yetu ni ya mbao, kuta na sakafu, na imesimama juu ya nguzo fupi za mawe kwa sababu ya mvua ya Kericho, ambayo haina adabu. Mwalimu mstaafu aliyetuuzia alikuwa na redio moja na taa mbili, akaridhika. Mageto anafanya kazi ya mtandaoni. Kwa kuwa netiwaki inashika vizuri zaidi katika chumba chetu cha kulala, alileta meza yake humo, halafu skrini, halafu skrini nyingine, na kila kitu kilikuja na mkia wake. Waya zilipita chini ya kitanda, zikavuka mlango, zikafuata korido mpaka kwenye soketi ya sebuleni. Usiku nikiamka kunyonyesha zilinikwaza. Nyabate alipoanza kutambaa, alizifuata kama aliyetumwa.

Nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo nionewe huruma, nasema ili ieleweke kwa nini mambo yalikwenda yalivyokwenda. Nilikuwa nafundisha darasa la pili, watoto wengi na chaki chache. Nikitoka huko nakimbilia chai yetu kidogo niichume kabla lori halijapita kituoni. Mtoto anaota meno. Mama mkwe, ambaye angenibebea huyo mtoto hata nipate kuoga, alifariki kabla sijaolewa, na jina lake ndilo tulilompa mtoto. Basi Jumapili ile nilimwambia Mageto mara moja tu: ama waya ziingie chini ya mbao, ama mimi na mtoto tunakwenda kwa mama yangu Siongiroi, na tutarudi Nyabate akishajua kusoma neno hatari.

Akampigia baba yake simu.

Mzee Ongeri alikuwa fundi wa stima katika kiwanda cha majani chai mpaka alipostaafu, na siku hizi anakaa kwake ng'ambo ya Sotik, upande wa Kisii. Tangu niolewe hakuwahi kunipa mkono. Akija kututembelea alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, na akiongea nami aliitazama kalenda ya ukutani. Mageto aliniambia hiyo ni ensoni, heshima waliyo nayo Wakisii kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Kichwani nilielewa. Moyoni nilisema huyu mzee hakutaka mkwe Mkipsigis, akaona afadhali kalenda.

Kwa mtoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Babu na mjukuu hawana ensoni. Alimwita mke wake, akamlaumu kwa kutompikia, akamtishia kwamba ataoa mwingine mwenye meno. Nyabate alimvuta masikio na mzee akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikisimama na kikombe cha chai, nilitazama kicheko kile kama mtu anayechungulia harusi ya jirani.

Alifika Jumamosi asubuhi na mfuko wake wa vyombo. Mageto alikuwa ameitwa Nakuru kikazi. Bila shaka alikuwa ameitwa. Mzee alizima swichi kuu, akapiga magoti sebuleni, akaanza kuzing'oa mbao moja baada ya nyingine kwa chuma bapa, polepole, akiuweka kila msumari kwenye kofia yake. Kila ubao aliuandika alama kwa chaki ili urudi palepale ulipotoka, maana ubao wa zamani, alisema, umeshazoea jirani yake. Waya alizipitisha ndani ya paipu ya plastiki, paipu akaifunga kwenye boriti, kisha akarudisha mbao. Ukipita juu yake hujui kama kuna kitu kimeguswa.

Sebule ikaisha. Korido ikaisha, isipokuwa pale mwisho, ambapo mbao zinaingia chini ya mlango wa chumba chetu. Hapo mzee akasimama, akajifuta mikono, akauliza Mageto anarudi lini. Nikamwambia kesho jioni. Akasema basi huko kutangoja kesho, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha mlangoni kunywa chai.

Mimi nikafikiri ameona kazi ya kuhamisha vyombo vya chumbani ni nzito kwa umri wake. Na kesho ya Mageto naijua. Nikambeba mtoto mgongoni, nikaingia chumbani, nikasukuma meza, nikafungua kitanda vipande vipande. Kisha nikalivuta godoro, na shuka zake na kila kitu, mpaka sebuleni, nikaliegemeza ukutani karibu na mfuko wa mzee. Nilikuwa natoka jasho na nimejaa fahari. Nikamwita Tata, baba kwa Kikisii, nikamwambia chumba sasa ni wazi, karibu.

Mzee alilitazama godoro. Akaweka kikombe chini. Akamwaga misumari kutoka kwenye kofia, akavaa kofia, akatoka nje kwenye mvua bila koti.

Nilimpigia Mageto. Alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema mzee hapaswi hata kuliona godoro la mke wa mwanawe, sembuse kuwekewa mbele yake akinywa chai. Akasema nimemfukuza baba yake. Nikamjibu kwamba yeye aliniambia habari za mikono, hakuniambia habari za magodoro. Kwetu pia wakwe wanaheshimiwa, lakini godoro ni godoro. Angeniambia. Kisha nikamkatia, kwa sababu nilikuwa naanza kulia na sikutaka asikie.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudisha godoro chumbani na kulibwaga sakafuni, kwa hasira na kwa aibu, sijui ipi ilizidi. Stima imezimwa. Mbao za mlangoni ziko wazi, ncha za waya zinachungulia shimoni, na lile fungu la waya za Mageto bado limelala pale ambapo mtoto hulala. Nikatoa begi, nikaanza kukunja nguo za Nyabate. Siongiroi ilikuwa mbali na mvua ilikuwa nyingi, lakini mama yangu hana kompyuta.

Ndipo nikasikia kugongwa. Sikwenda mlangoni, kwa sababu haukuwa mlango. Kilichogongwa kilikuwa chini ya miguu yangu.

"Mama Nyabate," sauti ikasema kutoka chini ya mbao. "Uko hapo?"

Nikasema niko.

"Mimi siwezi ingia huko. Na siwezi enda niache mtoto na hizi waya. Basi nimekuja huku chini."

Alikuwa amejipenyeza pale nyuma ya jikoni, kwenye uwazi wa kati ya nguzo ambapo kuku wetu hutagia. Kule ardhi iko juu na mtu hupita kwa tumbo. Upande wa chumbani inateremka kuelekea kwenye chai, na pana nafasi ya mtu kuinuka. Akaniambia nichukue kile chuma bapa. Akagonga ubao wa kwanza kutoka chini nijue ni upi, akanifundisha nianzie wapi, nisikurupuke, nisikilize msumari unavyolia. Mimi, mwalimu wa darasa la pili, nikawa mwanafunzi wa sakafu yangu mwenyewe. Ubao wa kwanza niliuvunja ncha. Wa pili ulitoka mzima, na yeye kule chini akaniambia sasa nimeshika.

Tukafanya kazi. Na ajabu ni kwamba tuliongea. Pengine ni kwa vile hakukuwa na uso wa kukwepa. Aliniambia Mageto akiwa mdogo alishindwa kupigilia msumari kwenye mgomba. Aliniambia marehemu mkewe alikuwa na hasira kama zangu na ndiyo maana nyumba yao haikuvuja hata siku moja. Akauliza kama ninalala. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Nikamjibu ukweli, kwamba silali, akasema pole, mama.

Nilikuwa nimemweka Nyabate juu ya godoro na kijiko cha kuuma. Mzee alirudi kwa tumbo mpaka upande wa jikoni kuisukuma paipu, nami nikageuka kuuchukua msumari uliokuwa umebingirika chini ya meza. Niligeuka tu. Nikasikia kijiko kikianguka, kisha kishindo, na nilipotazama godoro lilikuwa tupu.

Kilio kilitoka chini ya nyumba. Nikajilaza kifudifudi nikapeleka mkono ndani ya shimo mpaka bega likakwama kwenye boriti, nikashika hewa. Hakuwa pale alipoangukia. Alikuwa anabingirika kwenye ule mteremko, nami nilisikia kilio chake kikisogea mbali. Nikaanza kung'oa ubao mwingine kwa kucha.

"Usishuke," mzee akasema. "Kuna misumari huku. Nakuja."

Nilimsikia akija. Nilisikia magoti yake yakikwaruza mawe, pumzi yake ikikatika, kichwa kikigonga boriti, na tena. Mtu wa umri ule. Nilisali kwa Kipsigis, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoka. Kilio kikakaribia. Kisha kikakoma, na hapo nusura moyo wangu nao ukome.

Kichwa cha Mzee Ongeri kikatokea kwenye shimo, katikati ya chumba changu cha kulala. Mvi zake zilikuwa zimejaa utando wa buibui na damu ilikuwa ikimtiririka kwenye paji la uso. Alikuwa amemwinua Nyabate juu kwa mikono miwili, na mtoto alikuwa amenyamaza kwa sababu alikuwa amelishika sikio la babu yake. Na mzee alikuwa amefumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, mpaka uso wote ukakunjamana.

"Chukua mtoto," akasema. "Nimefumba."

Nikamchukua. Vidole vyetu viligusana, havikuwa na namna. Akauliza kama mtoto ameumia. Nikampapasa Nyabate kichwa, mbavu, miguu. Lilikuwa vumbi tu, na mchubuko kwenye goti. Nikamwambia hajaumia.

Hakushuka. Alibaki pale, viganja juu ya mbao, machozi yakipita katika vumbi la mashavu, na macho bado yamefumbwa. Hakuona godoro. Hakuona nguo zangu za ndani zilizotundikwa msumarini, wala begi la Siongiroi, wala mimi na blauzi iliyolowa maziwa. Miaka yote tangu niolewe nilidhani mtu huyu hataki kuniona. Nikakaa sakafuni na mtoto wangu nikalia kwa sauti, kilio kibaya cha makamasi, na sikujifunika uso, maana hapakuwa na wa kunitazama.

"Lia tu, mama," mzee akasema. "Ukimaliza, unipatie hiyo waya."