Bendera ya Hilkka

Mji mzima wa Kuopio wanasema Taavi Riihinen hajui woga. Waache waseme. Mnara huu wa Puijo, wa kuruka kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, nimeruka kutoka juu yake tangu utotoni, nimekuwa bingwa wa dunia, nimevunjika mbavu, mguu na taya, na kila mara nilirudi juu kabla daktari hajanipa ruhusa. Mke wangu Sirpa ndiye aliyekuwa akitapika kila nikiruka. Nilikuwa nikimcheka. "Mwanamke wewe, niruke mimi, utapike wewe?"

Basi Jumamosi ile nilisimama kwenye jukwaa la makocha, bendera mkononi, na kule juu kabisa, kwenye ubao wa kuanzia, alikuwa ameketi binti yangu Hilkka. Ulikuwa mchujo wa timu ya taifa. Akiruka vizuri anaingia. Asiporuka, ndiyo basi, asubiri mwaka mwingine na umri hausubiri.

Kazi ya kocha pale ni ndogo kwa kuitazama. Taa ikiwaka kijani, unapima upepo, ukiridhika unashusha bendera, mrukaji anajiachia. Kuna sekunde zake. Zikipita, taa inakuwa nyekundu na ametoka mashindanoni. Mrukaji mwenyewe kule juu hauoni upepo wa chini. Anakutegemea wewe.

Msichana aliyemtangulia alipigwa na upepo wa ubavuni, ski moja ikapaa peke yake, akabingirika mpaka chini. Alinyanyuka mwenyewe, akapunga mkono, watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Jasho jembamba lilinitoka, na baridi yenyewe ilikuwa ya kugandisha kope.

Rauno Pesonen, kocha mwenzangu, ambaye tumetaniana tangu enzi za kushindana, akanisogelea.

"Bingwa, mbona umekuwa mweupe kama theluji? Au ni ile soseji ya asubuhi?"

"Nyamaza, Rauno. Kinywa hicho kitagandia wazi hivyo hivyo."

Taa ikawaka kijani.

Upepo ulikuwa umetulia. Hilo nataka lieleweke. Vitambaa vyote kandokando ya mteremko vilikuwa vimelala, na ule kidogo wa chini ulitoka mbele, upepo wa kumbeba mtu, ambao mimi ningeupigia magoti. Lakini mkono ulikataa kushuka. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania kijiti cha bendera, siviwezi. Niliogopa, jamani! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi miaka yote hiyo nilikuwa mzazi wa jina tu.

"Taavi, shusha!" Rauno alisema kwa sauti ya chini. "Upepo wa dhahabu huo! Shusha, mtu wangu, muda unakwisha!"

Hilkka alikuwa ananitazama. Kwa umbali ule uso sikuuona, niliona kofia tu imenielekea, haitikisiki.

Kisha, taa ikiwa bado kijani, akajiachia. Bila bendera.

Nilisikia ski zikiteleza barafuni, mvumo ukipanda. Hapo nikafumba macho. Mimi, Taavi Riihinen! Kukawa kimya, kimya kile cha mtu akiwa hewani. Nilipokuwa ndani yake mwenyewe nilikipenda kuliko chakula. Sasa nilitaka kiishe. Halafu kishindo. Halafu watu wakapiga ukelele, nami sikujua ni wa furaha au wa msiba.

"Mita mia na ishirini!" Rauno alinitikisa. "Anaongoza! Fumbua macho, mjinga wewe, mwanao mzima!"

Niliketi kwenye theluji nikalia.

Hilkka alinifuata jukwaani, ski begani, mashavu mekundu, anahema. "Pale ukingoni niliondoka mapema au nilichelewa? Raundi ya pili nirekebishe nini?"

"Ulikuwa mzuri, mwanangu."

"Sikuuliza hilo. Mapema au nilichelewa?"

Nilimtazama Rauno anisaidie. Rauno akainamia viatu vyake.

"Baba, hukuniona."

"Mwanangu, upepo..."

"Ulikuwaje?"

Nikashindwa kumdanganya. "Ulikuwa mzuri."

Rangi ikamtoka palepale. "Mzuri? Mimi nilisema baba ameona kitu huko chini, ndiyo maana hashushi. Nimeruka nikijua upepo mbaya unanisubiri. Nimeruka nikijua nakwenda kuvunjika shingo!"

"Sasa kwa nini uliruka?"

"Kwa sababu wewe ungeruka."

Akanifungua vidole polepole, akaichukua bendera, akamkabidhi Rauno. "Mjomba Rauno, wewe uliniona?"

"Ulichelewa kidogo, binti. Kidogo sana."

"Haya, asante." Kisha akaniinamia, akanipangusa theluji mabegani kama mtu anayempangusa mtoto. "Baba, wewe teremka ukakae garini. Nitakupigia simu nikishatua."

Nikateremka ngazi, nikajifungia garini, simu mapajani.