Chanya Kwenye Fremu

...kwa hiyo hasi ya betri sasa ndiyo inakaa kwenye fremu ya pikipiki, chanya inapanda kwenye swichi, betri nimeigeuza, koili nimeigeuza, nyaya mbili za geji ya chaji nimezibadilisha nafasi, imebaki dainamo peke yake, mguso mmoja tu, waya huu wa chanya kwenye kichwa cha skrubu hii, cheche moja, basi, dainamo itakuwa imejua upya umeme uelekee wapi, na mimi na nywele zangu tatu za utosini nimechuchumaa hapa gereji moyo unanienda mbio kama bwana harusi, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, miaka kumi na miwili melini nikitengeneza majenereta makubwa kama nyumba, leo natolewa jasho na pikipiki kuukuu ya volti sita... na dada nyuma yangu, juu ya kreti, anafuta helmeti na kusema sijui nini kuhusu Jumapili, ataondoka asubuhi, atapanda hadi kwenye tangi la maji na kurudi, shemeji ameapa kumfuata na gari, na yeye kamjibu afuate tu, akimuweza, ha, miaka sitini na moja na goti lisilokunjika vizuri, lakini huyu ndiye aliyenifundisha kuachia klachi, akinipiga kofi la kisogo kila injini ilipozima... sogeza waya, bwana, unangoja nini, taa mpya ile inakubali hasi kwenye fremu tu, ukishagusa itawaka nyeupe pee, barabara nzima ataiona, sio kama ile jioni... ile jioni ya mvua, nina miaka ishirini na mitano, nimetoka kusomea umeme wa magari, cheti hata wino haujakauka, dada kaniachia pikipiki hii hii nimfungie betri mpya, na mimi mjuzi nikafunga hasi kwenye fremu kama kwenye gari lolote, sikuuliza, nani aniulize mimi, kumbe pikipiki za zamani chanya ndiyo hukaa kwenye fremu, na geji ilikuwa bado imefungwa kwa mtindo wa zamani, nikawasha taa, injini imezimwa kabisa, sindano ikalala upande wa kujaa, injini imezimwa, jamani, betri ijazwe na nini, na pepo? na badala ya kushtuka nikachekelea, nikamwambia tazama inavyochaji, kumbe inanyonywa, akaondoka anapunga mkono, kwenye kona ya kushukia darajani taa ikafa... pikipiki miaka thelathini na moja chini ya turubai... mama akasema mwendo ndio uliomwangusha, majirani wakasema mwendo, na dada mwenyewe akaitikia, kweli nilikuwa na haraka, hakupanda tena, na mimi siku mbili baadaye nilifungua, nikakuta kidhibiti chaji kimeungua cheusi, nikajua kila kitu, nikakitupa, nikatafuta kazi mbali, kwenye meli, watu wanadhani nilipenda bahari, mimi natapika hata kwenye kivuko... "Fundi Moshi," anasema, jina alilonipa nilipounguza redio ya nyumbani, "mbona hugusi, au umesahau ipi ni ipi?" nami najibu sijasahau, nahema tu, uzee, anacheka, anasema atakwenda polepole safari hii, ile kona bado anaiogopa, mwendo wake mwenyewe ndio anaouogopa... mwendo wake mwenyewe! basi hata nikimwekea jua zima kwenye ile taa, Jumapili atafika pale akiwa na hofu niliyomfungia mimi kwa spana namba kumi, na hii furaha yangu yote, hii cheche ninayoililia tangu asubuhi, ni ya kutengeneza kimyakimya kama mwizi anayerudisha kuku usiku, hapana, iwe kwa mdomo kwanza, akinipiga kofi la kisogo nimelikosa miaka mingi, akinifukuza nitaondoka na spana zangu, lakini ajue, ajue kabla hajapanda, na ajabu moyo haujapungua mbio, umezidi, kama vile mimi ndiye nitakayepanda... "Dada, ile kona. Haukuwa mwendo wako, taa niliiua mimi, betri niliifunga kinyume," na nyuma yangu helmeti inawekwa chini, waya bado uko upana wa kidole kutoka kwenye skrubu, sijagusa, na dada anasema taratibu, "Rudia," nami narudia.