Majina ya Watu wa Mbali

Jumapili, misa ya pili ilipokwisha, Optatus alivua kanzu nyeupe ya katekista, akaikunja, akala ugali wa muhogo aliowekewa na mkewe Hilaria, kisha akatoka kwenda kwenye kazi yake ya mchana. Banda la video la Masunga lilikuwa hukohuko kwao Nsemulwa, mtaa wa mji wa Mpanda. Kuta zake zilikuwa za tofali mbichi, na madirisha yalizibwa kwa magunia ya tumbaku, hivyo kila aliyetazama filamu alirudi nyumbani akinuka kama ghala la chama cha ushirika. Jenereta ilinguruma nje. Ndani mlikuwa na televisheni moja, deki, mabenchi, na kiti cha Optatus chenye kipaza sauti kilichofungwa mguuni kwa mpira wa baiskeli.

Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu filamu inasema nini. Kiingereza alikipata seminari, na pale kilipopungua alijaza mwenyewe. Wahusika hakuwaita kwa majina yao ya kigeni, ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Aliwapa majina ya mjini, na watu walifurahi kuona mzungu mwenye kofia akiitwa kama jirani yao. Kwa kuwa mafuta ya jenereta hayakuruhusu kanda ichezwe mara mbili, hakuwahi kuiona filamu kabla ya watazamaji wake. Aliyajua yajayo kama wao walivyoyajua.

Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, katika filamu ya meli, mtu mnene alizama. Optatus alimwita Silvester, jina la muuza nyama wa sokoni, ambaye alikuwa ameketi benchi la nyuma na alicheka kuliko wote. Jioni Silvester alikutwa kitandani amekufa, nguo zikichuruzika maji. Mkewe aliyaonja, akasema ni ya chumvi. Baada ya matanga ndugu wa marehemu walimjia Optatus, wakamwomba kwa adabu awe anaangalia anamtaja nani.

Tangu hapo ilieleweka kwamba aliyetajwa akafa, alikufa, na aliyetajwa akapona, alipona. Watu walianza kumsubiri nje ya kanisa. "Mwalimu, mkumbuke shangazi yangu, kifua hakimwachi." "Mwalimu, kama kuna askari asiyepigwa risasi, mtie mjomba." Aliwatia, nao wakaamka vitandani na kuomba uji.

Tatizo lilikuwa kwamba filamu za kutisha, ambazo ndizo watu walizipenda, zina wafu wengi kuliko wanaopona. Optatus alimweleza hivyo Masunga, mwenye banda, Msukuma aliyehamia na ng'ombe kutoka kaskazini na ambaye hakupenda mazungumzo marefu.

"Taja watu wa mbali," Masunga alisema.

"Watu gani wa mbali?"

"Kina Katumba. Wale kifo walishakikimbia mara moja, tangu sabini na mbili. Mbio wanazijua."

Waliokuwa karibu walicheka, na Optatus naye alitabasamu, kwa kuwa Masunga alikuwa amesimama akisubiri atabasamu.

Katumba haikuwa mbali. Treni ya Tabora ilisimama huko, na mwenye baiskeli aliyetoka alfajiri alifika Mpanda kabla jua halijawa kali. Waliokimbia Burundi walipewa pori pale, wakalifyeka, na maharage ya mjini yalitoka kwao. Umbali wao ulikuwa kwenye kibali: bila karatasi ya ofisi ya makazi, kizuizi hakikuinuliwa.

Majina ya Katumba Optatus aliyapata kwa Minani. Minani alikuwa mkulima aliyeleta maharage sokoni na kuegesha baiskeli yake kwenye ukuta wa nyumba ya Optatus, kwa sababu hapo haikuibwa. Nyuma ya baiskeli alimpakia bintiye Dafrosa, rika la Prisila wa Optatus, na wasichana hao walibangua karanga pamoja uani huku baba zao wakinywa togwa. Minani alipenda kusimulia mavuno. Bukuru ameezeka paa. Nahimana amechimba kisima kipya. Ndayizeye mahindi yake yameliwa na nguruwe pori. Optatus alisikiliza, na Jumapili iliyofuata aliyatumia majina hayo. Bukuru alianguka kutoka darini. Nahimana walimtoa kisimani. Mjini hakuna aliyekuja kulalamika, na hilo lilichukuliwa kuwa ndilo jibu.

Kisha Prisila aliugua. Homa ilimkausha midomo, na hospitali waliwaambia wamrudishe nyumbani ale anachotaka. Hakutaka kitu. Hilaria alikwisha kuzika watoto wawili kabla yake, na aliyajua maneno hayo maana yake nini. Wiki hiyo ilifika kanda ya bibi mwenye glovu nyeupe, aliyepanda ngazi za nyumba kubwa kando ya ziwa lenye barafu; kila aliyemgusa alilala chini asiinuke. Watazamaji walimwita Bibi Glovu. Mwishoni msichana mmoja aliruka dirishani, akaangukia juu ya shehena ya majani makavu, akaenda zake akicheka.

"Huyu," Optatus alisema kwenye kipaza sauti, "ni Prisila."

Aliporudi nyumbani alimkuta bintiye ameketi, anakula ndizi, na nywele zake zina vipande vya majani makavu. Hilaria alikuwa akivitoa kimoja kimoja.

Miezi ilipita. Siku moja Minani alikuja bila maharage. Aliegesha baiskeli, akamwacha Dafrosa uani na Prisila, akaingia ndani na kofia mkononi.

"Mwalimu, kule kwetu watu wanaanguka."

"Nimesikia. Poleni."

"Bukuru alikuwa anaezeka kwangu. Paa limebaki nusu. Mvua ikinyesha tunahamia upande wa Bukuru."

Optatus alimsogezea kigoda.

"Sijaja kugomba," Minani aliendelea. "Nimekuja kuomba. Nasikia sehemu ya pili ya yule bibi iko njiani. Atakayepona humo, mwite Dafrosa wangu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ndiyo maana nimewahi. Nyie watu wa mjini mnakuja mgonjwa akishakata kauli."

Optatus aliona kwamba ombi hilo ni la haki, na kwamba si kubwa. Alimpa mkono. Minani aliushika kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, kama wafanyavyo kwao.

Minani alipotoka kwenda kumwangalia binti yake, Hilaria alikuja kutoka jikoni akijifuta unga.

"Baba Prisila, na wetu?"

"Wetu alishapona."

"Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza," Hilaria alisema, akarudi kwenye moto wake.

Kanda ilikuja na treni ya Jumamosi. Jumapili banda lilijaa hadi watu wakakaa mlangoni. Minani alipata nafasi benchi la pembeni, kofia juu ya goti, kibali kimechomoza mfukoni mwa shati. Wasichana walibaki nyumbani na Hilaria.

Filamu ilianza hospitalini. Juu ya kitanda cheupe alilala msichana wa sehemu ya kwanza, yuleyule aliyeruka dirishani, majeraha yamepona, anatabasamu.

"Prisila!" banda zima lilishangilia. "Prisila huyo! Mzima kabisa!"

Pazia la dirisha la hospitali lilitikisika, na ukingoni mwake vikatokea vidole vya glovu nyeupe.

Optatus alielewa. Waliotengeneza filamu walikuwa watu wa hesabu: aliyetoroka sehemu ya kwanza huchukuliwa mwanzoni mwa sehemu ya pili, ili watazamaji wajue kwamba hakuna deni lililosamehewa. Alitafuta jina. Bukuru lilikwisha. Nahimana lilikwisha. Ndayizeye lilikwisha wakati wa masika. Yote aliyosimuliwa na Minani wakinywa togwa alikuwa ameyatumia, na kwa Katumba nzima alikuwa amebakiwa na mawili, la Minani mwenyewe na la bintiye. Kwenye kioo alikuwapo msichana. Glovu iliachia pazia.

"Huyu si Prisila," alisema. Sauti yake ilitoka wazi, kama anasoma somo la kwanza kanisani. "Prisila alihama. Huyu ni Dafrosa, mtoto wa Minani, wa Katumba."

Watu waliguna, wakaridhika. Bibi Glovu alimgusa msichana kwenye paji la uso. Minani aliondoa kofia gotini, akaivaa, akatoka akipita kati ya magoti ya watu na kuwaomba radhi kila mmoja.

Optatus alibaki. Filamu ilikuwa ndefu bado, na yeye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Mwishoni, kila mtu katika hospitali ile alipokwisha kulala chini, nesi mmoja msichana alivuka barafu ya ziwa kwa miguu akafika ng'ambo mzima. Optatus akamwita Dafrosa. Hakuna aliyepinga. Wasichana wawili kuwa na jina moja ni jambo la kawaida.

Hilaria alimsimulia jioni. Wasichana walikuwa wamekaa mlangoni na ungo wa karanga. Pazia la mlango lilitikisika, na upepo haukuwapo. Lilimpita Prisila kwanza, likasita juu yake, kama mtu aliyesahau alitumwa kwa nani, kisha likamgusa mwenzake. Dafrosa aliweka chini karanga aliyoshika, akalala ubavu. Minani alipofika hakuuliza kitu. Alimfunga mwanawe mgongoni kwa kitenge cha Hilaria, akapanda baiskeli, akaondoka kabla jua halijatua, maana kibali kiliisha machweo. Kiliandikwa watu wawili. Askari wa kizuizini alihesabu watu wawili, akainua mti.

Ahadi nayo ilifanya kazi yake. Jioni ya siku ya tatu baada ya maziko, Dafrosa alifika Nsemulwa kwa miguu, nyayo zake zikiacha majimaji ya barafu iliyoyeyuka. Alipiga hodi, akasalimia, akaketi mbele ya ungo. Hilaria aliongeza sahani. Prisila alimsogezea karanga. Tangu siku hiyo alikuja kila jioni, na aliondoka vyombo vilipooshwa.

"Kizuizini hawakusumbui?" Optatus alimwuliza siku moja.

"Wafu hawaandikiwi kibali, Baba Prisila."

Habari hiyo iliwafikia wengine. Bukuru alianza kuja Jumapili, na Nahimana akiwa ameloa, na Ndayizeye. Walikaa benchi la mbele, kimya, wakitaka kujua nani anafuata. Masunga aliwaacha, kwa kuwa hawakupunguza hewa. Wa mjini waliomba tu wasiwakalie karibu sana, kwa sababu ya baridi.

Minani peke yake hakuja. Ofisi ya makazi ilikuwa imesikia kwamba alirudi na maiti, ikamnyima kibali mpaka aeleze. Alieleza, na maelezo yake yalipelekwa mbele.

Treni ilileta sehemu ya tatu. Jioni hiyo Optatus alimsindikiza Dafrosa hadi barabarani, kanda ikiwa ndani ya shati lake.

"Baba anakusalimu," Dafrosa alisema. "Anauliza kama imefika."

"Bado."

Dafrosa aliitazama pembe ya kanda iliyochomoza kwenye shati, akaendelea kwa adabu ileile. "Anasema inaanza na mimi, yule wa barafuni. Anaomba umtaje yeye badala yangu. Na anasema hata siku ile ungeweza. Kwetu Minani ni mtoto wa nane. Akiwa wa kike anaitwa Minani, akiwa wa kiume anaitwa Minani. Angekuambia, ila hukumwuliza."

Optatus aliisukuma kanda ndani zaidi ya shati, akarudi nyumbani.

Jumapili, nesi wa barafuni alitokea dakika za mwanzo, amekaa kwenye gari la moshi. Banda lilishangilia, "Dafrosa!" Benchi la mbele halikugeuka, isipokuwa Dafrosa mwenyewe, ambaye siku hiyo alikaa na wenzake.

"Huyu si Dafrosa," Optatus alisema. "Dafrosa alihama. Huyu ni Minani."

Watu waliguna, wakaridhika.

Siku ya nne baiskeli ya Minani iliegeshwa tena kwenye ukuta. Aliingia na kofia mkononi, akaketi kwenye kigoda karibu na binti yake. Hilaria aliongeza sahani. Prisila, aliyenenepa vizuri mwaka ule, alimnawisha mikono. Maji yalipomgusa yalifanya utando mwembamba wa barafu, naye akayamwaga nje.

"Safari haikusumbua?" Optatus aliuliza.

"Kizuizini nimesimama mwenyewe, kwa mazoea. Hakuna aliyeniona."

Walikula. Togwa ilipoletwa, Minani alirudia mazungumzo yake ya zamani, pengine kwa sababu hakuwa na mengine. Mavuno ni mazuri mwaka huu. Nzeyimana amejenga bani jipya la kukaushia tumbaku. Mjane wa Bukuru amemaliza lile paa mwenyewe, anapanda na kushuka kama kijana. Optatus alisikiliza, na alipogundua kwamba anasikiliza vizuri kuliko ilivyohitajika, aliinamia kikombe chake.

"Masunga anasema sehemu ya nne iko Tabora," alisema baadaye. "Inasubiri treni."

"Utamtaja nani?"

Uani Hilaria aliacha kusugua sufuria. Prisila na Dafrosa walikuwa wakicheka kitu kwenye ungo.

"Watu wa mbali," Optatus alijibu.

Minani aliitikia kwa kichwa taratibu. Alimaliza togwa yake, akaweka kikombe chini, kisha akasogeza kigoda chake hadi ukutani, ili nafasi ipatikane.