Tuta Lisilopuliziwa Dawa

Jira, ile bizari nyembamba ya pilau, ni mmea wa madeko. Ukiunyima maji unanyauka, ukiuzidishia unaoza, na mawingu yakitanda siku chache tu wakati wa maua, umekwenda na maji. Mkulima mmoja, mwenye shamba pembezoni mwa nchi kame, alikuwa akisema ni afadhali kumtunza bibi harusi, maana yeye akinuna, angalau mwishowe atakwambia sababu. Hata hivyo hakuacha kuilima. Baba yake naye aliilima, na katika ardhi hiyohiyo.

Mdogo wake wa kike alikuwa mtafiti katika kituo cha kilimo. Alishughulika pia na giligilani, shamari na uwatu, lakini wenzake walimwita Mama Jira, kwa kuwa hapakuwa na mazungumzo aliyoyaanza yasiishie hapo. Miaka mingi alikuwa akichagua mche huu na kuuacha ule, akitafuta mbegu itakayostahimili doajani, ugonjwa unaoanza kwa doa jeusi dogo kama tone la wino na kuishia kwa shamba lililoungua bila moto.

Ndugu hao wawili waliujua ugonjwa huo kabla hawajaujua kwa jina. Uliwahi kulifyeka shamba la baba yao mwaka baada ya mwaka. Mzee alikuwa akitembea kati ya matuta, akiokota miche iliyokufa, akiigeuzageuza. Majirani walinong'ona kwamba ana mkono wa nuksi, na mwishowe mwenyewe akaamini. Akaacha kulima, na hakuchukua muda akafa.

Maji ya kisima cha kituo yalipogeuka chumvi, Mama Jira akakosa pa kuijaribia mbegu yake. Kaka yake akampa tuta moja refu katikati ya shamba, bila masharti. Upande mmoja wa tuta akapanda mbegu mpya, na upande wa pili ile ya kawaida, ili kulinganisha. Tuta lote lisipuliziwe dawa, kwa sababu pasipo ugonjwa hakuna jaribio. Misimu ya kwanza anga lilikuwa jeupe, bila wingu. Kaka akavuna vizuri, na dada akarudi kituoni mikono mitupu. Wakataniana kwamba heri ya mmoja ndiyo balaa ya mwingine.

Kisha ukaja msimu wa mawingu. Miche ilikuwa imeanza kutoa maua ukungu ulipotua asubuhi na kukaa hadi adhuhuri. Mama Jira alikuta doa la kwanza kwenye mbegu ya kawaida, na kesho yake akakuta mengine mengi. Alijua vizuri kitakachofuata. Kaka yake alikuwa akipulizia sehemu yake, lakini umande uliosha dawa, na tuta la katikati lingekuwa chungu cha kupikia ugonjwa wa shamba zima. Akampigia simu mkuu wake wa kituo. Mkuu akamwambia kwamba huo ndio msimu walioungoja, ila shamba ni la watu na yeye hana mdomo wa kuamua.

Mama Jira akakata shauri. Alichukua gunia, akaingia tutani, akaanza kung'oa miche yote. Wifi yake alimwona kutoka nyumbani, akaja na gunia lake bila kuuliza, akainama upande wa pili.

Kaka mtu akatokea na bomba la dawa mgongoni.

"Acheni," alisema.

"Kaka, nikiacha utapoteza shamba. Nakwambia ninachokijua."

"Najua unakijua. Ndiyo maana nasema acha." Alitua bomba chini. "Baba alikufa akidhani ni mkono wake. Ukiing'oa leo, tutangoja mawingu mengine miaka mingapi?"

Wifi alijinyoosha. "Na watoto? Watakula hilo jibu?"

Mumewe alimtazama, uso umemsawijika. Akasema kwa sauti ya chini, "Shamba ni langu na lako. Siwezi kukulazimisha. Nakuomba."

Mkewe akaliweka gunia lake chini taratibu, akarudi nyumbani. Hakusema ndiyo wala hapana.

Mama Jira alikuja kila asubuhi kukagua majani, na kila asubuhi alitamani asione anachokiona. Ugonjwa ulitoka katikati, ukasambaa hadi mipakani. Mbegu ya kawaida ikawa majivu. Shamba la kaka likawa jeusi. Lakini upande ule wa mbegu mpya, madoa yalipanda kwenye majani ya chini, yakasimama hapo. Miche ikafunga mbegu.

Kaka mtu alikwenda kuponda mawe kwenye machimbo ya mbali. Mama Jira alipokuja kuwajulia hali, wifi alimkaribisha kwa heshima zote, akamletea maji, kisha akaendelea na kazi zake. Watoto walimkimbilia shangazi yao, naye hakujua aweke wapi macho.

Wakati wa kupanda ulipowadia, alileta mbegu yote ya tutani kwenye mfuko mkubwa wa karatasi. Kaka alikuwa hajarudi. Wifi alimimina chembe kiganjani, akazitazama.

"Ndiyo yenyewe hii?"

"Ndiyo. Lakini nisikudanganye, wifi. Mwaka wa anga jeupe itazaa kidogo kuliko ile ya zamani."

"Na mwaka wa mawingu?"

"Itabaki."

Wifi alifunga kiganja. "Sijakusamehe. Yeye pia sijamsamehe. Lakini nitapanda."

Wakapanda pamoja, mmoja akivuta kamba, mwingine akidondosha mbegu. Kaka alirudi jira ikiwa imeota, amekonda, vumbi la mawe limemkaa kifuani na kikohozi hakimwachi. Aliuliza ni upande upi wenye mbegu mpya. Mkewe akamjibu kwamba ni wote.

Mwaka ule anga lilikuwa jeupe, majirani wakawashinda kwa mavuno. Kuna waliocheka, na kuna waliowahurumia, na la pili ndilo lililouma zaidi. Wifi alipepeta mbegu, akatenga ya kupanda, wala hakumlaumu mtu.

Mawingu yalirudi msimu uliofuata. Mashamba ya jirani yakaanza kuwa meusi, moja baada ya jingine. Wifi aliingia shambani peke yake, akafunua majani ya chini, akayaona madoa. Akawa anarudi kila siku bila kumwambia mumewe, hadi alipokuwa na hakika kwamba hayapandi. Ndipo akaenda kumwinua kitandani, alikolazwa na kikohozi, akamshika mkono.

Kaka mtu alitembea polepole, akipumzika kila mara. Alichuchumaa kwenye tuta la kwanza, akagusa vichwa vya mbegu vilivyojaa. Akanyanyuka, akaenda la pili, kisha la tatu. Mkewe akamwachia mkono, akamfuata nyuma, na wakalimaliza shamba lote hivyo.