Mtuhumiwa Aliyekataa Kuwa Mzima

Kinyozi wa kona ya kituo cha mabasi waliyemwita Chiriku hakuwahi kunyamaza tangu alipoota meno. Mteja aliyeingia kwake kupunguza ndevu alitoka akijua hata kwa nini jirani yake ameachwa na mkewe. Ndiyo maana, askari walipokuja kumchukua asubuhi ile, mpwa wake aliyekuwa wakili alimpa kwenye simu maneno machache tu.

"Mjomba, usijibu swali lolote mpaka nifike."

"Hata kama..."

"Mjomba. Lolote."

Kosa lenyewe lilikuwa hili: kiti cha mkuu wa kituo cha polisi, kile cha ngozi chenye kuzunguka, kimekutwa kwa Chiriku, mteja amekikalia na povu shavuni.

Wakamwingiza kwenye chumba chenye meza moja na dirisha lililobandikwa magazeti. Koplo alikaa pembeni, kalamu mkononi. Kisha akaingia mpelelezi, na ulimi ukaanza kumwasha Chiriku. Alikuwa ndiye yule yule aliyemletea kiti hicho wiki iliyopita, gurudumu moja limeng'oka, akamwomba amhifadhie mpaka fundi wa jirani arudi safari.

"Hujambo, mzee?" mpelelezi akauliza.

Chiriku akafungua kinywa, akakifunga. Hujambo ni swali, au ni salamu tu? Aliligeuza huku na huku, akaona lina kila dalili ya swali. Akanyamaza.

"Habari za nyumbani?"

Hilo halikuwa na ubishi. Akatazama dari, akaona aibu. Mama yake angekuwepo angemzaba kofi.

"Andika," mpelelezi akamwambia koplo. "Mtuhumiwa amekataa kuwa mzima."

Koplo akaandika.

"Mimi unanifahamu?" mpelelezi akauliza polepole, sauti imeshuka.

Hapo Chiriku alipata kazi. Akisema ndiyo, amemchoma mtu mbele ya koplo wake. Akisema hapana, amewadanganya polisi. Akisema lolote lile, mpwa wake atamla nyama. Akameza mate, akafumba macho ili maneno yasimponyoke.

Mpelelezi alikipa kimya kile maana yake mwenyewe. Akasogea karibu.

"Tuseme kuna mtu alikuletea. Mtu mwema tu, mwenye watoto."

Chiriku akazidi kufumba macho.

"Tuseme alikuwa amepanda juu ya kiti kubadilisha balbu, kikateleza. Ni dhambi hiyo?"

"Afande," koplo akauliza, "hilo niandike kama swali au kama jibu?"

"Swali."

"Na aliyepanda ni nani?"

"Koplo, andika."

Chiriku akatoa pumzi puani. Ilitosha.

"Basi, ni mimi," mpelelezi akasema. "Niliogopa kumwambia mkuu. Sasa umeridhika?"

Lilikuwa swali, kwa hiyo Chiriku hakujibu.

Mpwa wake alipoingia, amebeba viatu mkononi kwa haraka, alimkuta koplo anamalizia mstari wa mwisho.

"Mjomba, umesema chochote?"

Chiriku akamtazama kwa mashaka.

"Mimi unaweza kunijibu, mjomba."

"Sijasema kitu. Na sijambo, afande, nyumbani wote wazima, nisamehe."

Mkuu wa kituo aliisoma karatasi akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Hakufoka. Aliamuru tu mpelelezi akakilete kiti mwenyewe, kwa miguu.

Kiti cha magurudumu matatu hakisukumiki na mtu mmoja. Kikawa kinakwenda upande upande, kikigonga watu visigino, mpaka Chiriku akaingia upande wa pili kumsaidia. Njia nzima alimmwagia mpelelezi yote aliyokuwa ameyabana tangu asubuhi, habari za fundi, za mke wa jirani, za bei ya sabuni. Mpelelezi aliitikia "ehee" huku akisukuma, na kabla hawajafika langoni akawa ameshaanza kuuliza yule mke alikwenda wapi.