Kopo la Pili la Tata

Baba yangu, Karugendo, ambaye sisi wanawe tulimwita Tata kama Wahaya wote wanavyomwita baba, alianza kutokwa damu chooni mwaka 1973, msimu wa kuanika kahawa. Hakumwambia mtu. Mama yangu, Benigna, aliiona alipokuwa akifua shuka. Aliniambia nilipokwenda kuwasalimu kijijini kwetu, Muleba, tumekaa jikoni tunamenya ndizi, na hakuinua macho kutoka kwenye kisu.

"Baba yako anamwaga damu."

"Tangu lini, Mama?"

"Usiniulize tangu lini. Una mume hospitali. Muulize dawa."

Mume wangu, Datius, alikuwa Bwana Afya katika mji wa Bukoba. Tulipanga Hamugembe, nyumba ya bati yenye migomba nyuma. Nilimwambia usiku ule ule niliporudi kutoka Muleba. Akasema, "Baba yako hawezi kukubali dawa kutoka mkononi mwangu. Hata maji hawezi."

Alisema kweli. Walikuwa hawapatani tangu mwaka mmoja nyuma. Kijiji kilipotafuta mahali pa shamba la ujamaa, Datius alisimama kwenye mkutano wa TANU akaonyesha kwa kidole rweya ya ukoo wetu, ule uwanda wa nyasi juu ya kilima. Hapo ndipo Mama alipokata nyasi za kutandaza sakafuni, kama ilivyo desturi ya nyumba za kwetu. Baada ya rweya kulimwa mihogo ya wote, sakafu yetu ilibaki udongo mtupu. Mgeni akiingia, Tata alimwambia, "Karibu, kaa chini. Mkwe wangu amenifagilia nyumba."

Mwaka uliofuata akaja Daktari Bashiri. Alitoka Dar es Salaam, kijana mrefu, mpole, aliyezaliwa pwani. Alikuwa akichunguza magonjwa ya utumbo. Huko Ulaya, alisema, watu wengi wanakufa kwa saratani ya utumbo mpana, na wakubwa wake walitaka kujua kama watu wanaokula ndizi na maharage wanaipata pia. Alikuwa na karatasi na dawa ya matone. Unapaka choo kidogo kwenye karatasi, unadondosha dawa, na kama mna damu, hata ile ambayo jicho haliioni, karatasi inageuka buluu. Kila mtu aliyepita miaka arobaini angepewa makopo mawili ya bati yenye vifuniko, la kwanza kwa wiki hii na la pili kwa wiki ijayo.

Nilipoyasikia hayo nilimshukuru Mungu. Nilidhani Tata amepona.

Daktari Bashiri alichagua kijiji chetu kwa sababu Datius alikuwa mkwe wa pale. "Wewe ni mtu wa nyumbani," alimwambia sebuleni kwetu, chai mkononi. "Wewe utapokea makopo. Hawatakuogopa."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilingoja mgeni aondoke.

"Baba Alistidia," nilimwambia Datius, maana mtoto wetu mkubwa anaitwa Alistidia, "unajua haiwezekani. Mtu mzima hawezi kukupa wewe choo chake. Wewe ni mkwe. Hata kupishana nawe njia ya chooni ni aibu."

"Mila hizo zimekwisha."

"Kwako. Mtume Shaban." Shaban alikuwa msaidizi wao kazini, Mwislamu wa Miembeni, hana undugu na mtu yeyote kule kijijini.

"Nikimtuma Shaban kwa baba mkwe, kijiji chote kitasema hata mimi naona haya. Nitaanza na nyumba ya Karugendo. Wengine watafuata."

"Anakufa, Datius."

"Ndiyo maana nitaanza naye."

Mkutano ulifanyika kwenye ghala la chama cha ushirika. Niliketi na wanawake. Daktari Bashiri alieleza vizuri, taratibu, na watu walimsikiliza kwa nyuso zilizofungwa. Aliposema kwamba siku tatu kabla ya kujaza kopo mtu asile nyama, kwa sababu damu ya nyama huchanganya kipimo, sauti ilitoka nyuma.

"Tatu tu? Sisi tunafunga tangu Pasaka!"

Watu walicheka, lakini si kicheko kizuri. Gamaliel, rafiki wa Tata na adui wa kila mtu mwingine, alisimama akiegemea mkongojo.

"Waitu, bwana daktari, nina swali. Mmechukua kahawa, mkasema ni ya ushirika. Mmechukua rweya, mkasema ni ya ujamaa. Sasa mnataka na kinyesi. Hicho nacho mnakwenda kugawana sawasawa?"

Ghala lilivuma. Daktari Bashiri naye alicheka, akidhani ni utani. Datius hakucheka.

"Mzee Gamaliel," alisema, "wewe utaletewa kopo kubwa. Maneno yako yanahitaji nafasi."

"Na wewe utalibeba, kijana. Baba yako alikusomesha hadi Bukoba mjini, leo ndiwe mbeba mavi wa kijiji. Hongera."

Kisha mwanamke mmoja akauliza kwa sauti ya chini kile walichokuwa wakiogopa wote: choo cha mtu kikishatoka nyumbani kwake, kikaenda mbali na jina lake juu, nani anajua kitafanyiwa nini? Mtu hurogwa kwa ukucha tu. Daktari alisema kitachomwa moto. Nikaona wazee wanatazamana. Alikuwa amewaongezea hofu, maana mchawi naye huchoma.

Tata alimtazama Datius akiandika majina kwenye makopo kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, moja baada ya moja. KARUGENDO. KARUGENDO. Makopo hayo mawili aliyachukua Mama, na ya kwake mawili.

Asubuhi ya kukusanya, nilikwenda pamoja na Datius. Alisimama uani kwa baba mkwe, begi begani, akapiga hodi. Tata alitoka, akajibu salamu yake huku akitazama migomba.

"Nimekuja kwa ajili ya kile kitu," Datius alisema.

"Kitu gani?"

"Kopo, Baba."

"Sema vizuri. Umesoma. Umekuja kuomba nini kwa baba mkwe wako?"

Mama alitoka na makopo mawili, lake na la Tata, ameyafunika kwa jani la mgomba, akayaweka chini katikati ya uwanja, akarudi ndani mbio, kwa kuwa mama mkwe naye hapaswi kusimama na mkwe. Datius aliinama kuyaokota. Tata alimwangalia alivyoinama, akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Shika vizuri," alisema. "Isije ikamwagika heshima yako."

Jioni, mjini, Datius alirudi nyumbani na uso mweusi.

"Karatasi ya baba yako haikugeuka. Nyeupe kabisa."

Nilikaa chini. Yeye akaendelea, "Choo kilichomo kwenye kopo lake kimejaa mbegu za mapera. Kopo la mama yako, mbegu za mapera. Baba yako anakula mapera?"

Tata hakuwa na meno ya kulia pera. Tulijua wote wawili. Mama alikuwa amejaza makopo yote mawili.

"Mtume Shaban kwa kopo la pili," nilisema. "Nakuomba. Aende peke yake, apokee, aondoke."

"Nitalichukua mimi mwenyewe. Amenifanya mjinga."

Hakusubiri wiki iishe. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi za wote kwenye shamba la ujamaa, watu wamesimama na majembe mahali palipokuwa nyasi zetu. Datius alipanda juu ya kichuguu. Alisema wapo wazee wanaokwamisha taifa. Wapo wanaomdanganya daktari kwa kuleta vinyesi vya wake zao na kuviita vyao, ilhali wao wenyewe wanaoza kwa ndani wakitokwa damu. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Kila mtu aligeuka kumtazama Tata.

Gamaliel peke yake ndiye aliyeongea. "Sasa umetosheka?" alimuuliza Datius.

Tata aliweka jembe begani, akashuka kilima. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Tata, nisikilize..."

"Mumeo amenivua nguo mbele ya watu wangu. Rudi kwake ukamsaidie kukunja."

Daktari Bashiri alipopata habari alikuja mwenyewe na Landrova, akaomba radhi akiwa amesimama uani, kofia mkononi. Alisema angempima yeye mwenyewe, faragha, na kama kuna uvimbe mdogo upo uwezekano wa kuukata mapema. Tata alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi nimekwisha pimwa," alisema. "Karatasi yangu ni nyeupe. Au kipimo chako kinasema uongo?"

"Mzee, kopo lile halikuwa lako."

"Lina jina langu. Mkwe wangu ameliandika."

Daktari aliondoka. Kabla hajapanda gari aliniambia, "Ningalijua, nisingalimtuma yeye." Nilimjibu kwamba Datius alijua. Baada ya hapo alikiondoa kijiji chetu katika utafiti wake, kwa kuwa nusu ya makopo yalikuwa ya kudanganya. Mengine, Shaban aliniambia, yalijazwa kinyesi cha mbuzi.

Kufikia Desemba tumbo la Tata lilikuwa limevimba na mashavu yameingia ndani. Kaka yangu Mutembei na vijana wa jirani walimbeba kwa machela hadi hospitali. Wakampasua, wakatazama, wakamshona. Daktari wa pale alisema uvimbe umeziba utumbo na umefika kwenye ini. Tulimrudisha nyumbani. Siku za mwisho aliongea na Mama tu, na mimi nilikaa mlangoni nikisikia sauti bila maneno.

Alizikwa Januari 1975, kwenye migomba, upande wa juu wa kibanja, shamba letu la nyumbani.

Datius alikuja na watu wa mjini. Wakati wa matanga wageni walikaa chini ya migomba juu ya majani makavu, na Mama akatuma kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kwetu huwezi kumkaribisha mtu bila kumpa. Kikapu kilizunguka. Kila mtu alichukua mbili tatu. Kilipomkaribia Datius, Mama alikiita kirudi. Aliingia ndani, akatoka na kitu kingine, akanipa mimi.

"Mpelekee mumeo. Hii ni ya kwake."

Lilikuwa kopo la pili. Halikuwahi kutumika, bati lake bado linang'aa. KARUGENDO, kwa herufi nyeupe za Datius. Ndani Mama alikuwa ametia buni chache.

Nilivuka uwanja nalo. Kila aliyekuwepo alilijua kopo hilo, kila nyumba ilikuwa na lake. Nilipiga magoti mbele ya mume wangu, nikamnyooshea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Datius alilitazama jina. Akikataa, amekataa nyumba ya mkewe mbele ya msiba.

"Tafuna, mkwe," Gamaliel alisema kutoka alipokaa. "Halina kitu. Halikupata kuwa na kitu."

Alitia vidole, akatoa buni moja, akaiweka mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Hakutema ganda, alilimeza.

"Ningemtuma Shaban," alisema, kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia.

"Ungemtuma," nilimjibu.

Nikafunika kopo, nikalirudisha kwa Mama.