Guaride Juu ya Tangi la Maji

Ofisi ya Kapteni zamani ilikuwa stoo ya sare, na hata baada ya kupakwa rangi na kuingizwa meza mbili, bado ilinuka dawa ya nondo. Mlangoni palibandikwa karatasi: KITENGO CHA UCHUNGUZI WA VITU VISIVYOTAMBULIKA ANGANI. Maneno yalikuwa mengi kuliko karatasi, kwa hiyo ANGANI ikabanwa ukingoni kwa herufi ndogo, kama abiria aliyechelewa kupata kiti. Wanajeshi wenzake walipopita walichungulia na kuuliza kama wageni wa huko juu wameshafika, wapikiwe chai.

Kapteni hakuwa mtu wa kuchekacheka. Kabla goti halijaanza kumsumbua alikuwa mkufunzi wa guaride, na makuruta waliopita mikononi mwake walikuwa wakisema sauti yake ingeweza kumsimamisha ng'ombe anayekimbia. Kuhamishiwa stoo ya nondo kulimuuma, lakini alimeza, akanyoosha kola, akaenda kazini.

Meza ya pili ilikuwa ya raia, mtaalamu wa hali ya hewa, mrefu na mwembamba, miwani yake ikimteremka puani kila anapotaka kusema jambo la maana. Watu wote walimwita Mawingu. Wakubwa walitaka kila taarifa ichunguzwe na jicho la kijeshi na jicho la kiraia, ili pasiwe na wa kusema jeshi linaficha wala wa kusema raia wanazua. Macho hayo mawili yaligombana kutwa. Mawingu alitaka dirisha wazi, Kapteni alitaka lifungwe. Mawingu alisema "pengine", Kapteni alisema "jibu swali". Jambo moja tu walikubaliana, kwamba huko juu hapakuwa na kitu. Walikuwa wameshachunguza taa za minara ya simu, nyota ya alfajiri, mfuko wa plastiki uliopaishwa na upepo, na bwana mmoja aliyeripoti mwezi, akanuna alipoambiwa ni mwezi.

Lakini kila walipotoka kwenda kuchunguza, moyo wa Kapteni ulikuwa ukidunda, na waliporudi ulikuwa umenywea. Hilo hakumwambia mtu.

Alasiri moja simu ikalia.

"Kitengo cha Uchunguzi wa Vitu—"

"Najua ni kitengo gani, mwanangu. Si mimi ndiye niliyepiga?"

Alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu hajaota meno. Shangazi alikuwa amestaafu upokeaji simu wa hospitali kuu. Yeye alistaafu, sauti haikustaafu.

"Shikamoo, Shangazi. Hii ni simu ya kazi."

"Marahaba. Nami napiga kwa kazi. Kuna kitu kimesimama juu ya tangi la maji la mtaa wetu."

"Itakuwa ndege."

"Ndege inasimama?"

"Basi puto."

"Puto lenye ukubwa wa nyumba ya jirani yangu, pamoja na kile chumba alichoongeza bila kibali?"

Kapteni akafunika simu kwa kiganja na kumtazama Mawingu. Mawingu alikuwa ameshasimama, anatafuta koti.

Akampigia sajenti wa rada. Sajenti akasema kwake anga ni nyeupe pe, hata kunguru hayupo. Akampigia Kanali, mkuu wao, mtu mfupi mwenye sharubu zilizochanwa vizuri, ambaye hakupenda jambo lolote litokee siku yoyote.

"Kaseme ni puto," Kanali akaamuru.

"Bado hatujakiona, afande."

"Ndio wakati mzuri wa kusema. Mkishakiona mtaanza kusitasita."

Wakaondoka na gari la jeshi, Kapteni kwenye usukani, Mawingu pembeni amekumbatia darubini yake ya miguu mitatu, ile anayofuatilia nayo maputo ya kupimia upepo. Njia nzima alikuwa akieleza kwamba yapo mawingu yanayojikunja mpaka yakafanana na sahani, kwamba jua la alasiri ni laghai, kwamba macho ya mwanadamu hayafai hata kununulia nyanya. Kapteni akakata kona ya duka la vifaa vya ujenzi, na Mawingu akanyamaza katikati ya neno.

Kilikuwa pale.

Kilining'inia juu ya tangi, tuli, cha rangi ya sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga ikakaushwa juani. Hakikuwa na bawa, dirisha, waya wala mlio. Upande mmoja tu kilikuwa na kibonyeo kidogo, kama alama ya kidole gumba kwenye donge la unga. Kivuli chake kilifunika mapaa ya nyumba za chini, na njiwa waliokaa juu ya tangi walijikuna mabawa kana kwamba wamekizoea.

Kapteni alishuka kabla ya kuvuta breki ya mkono. Gari likajiendea polepole mpaka likasukuma viti vya plastiki vya kibanda cha soda, likatulia hapo. Hakuna aliyeligeukia.

"Si wingu," Mawingu akasema kwa sauti ndogo.

"Naona si wingu."

"Najua unaona. Nilitaka kulisema mwenyewe."

Mtaa mzima ulikuwa nje. Watu walijaa kwenye vibaraza na ngazi, wengine juu ya mapaa. Kinyozi alikuwa ametoka na mteja wake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, na wote wawili walisahau jambo hilo. Wala watu hawakuogopa, na hilo ndilo lililomshangaza Kapteni. Walikuwa wakibishana. Huyu anasema ni sinia, yule anasema sinia gani lina kina, hilo ni bakuli limefunikwa, na muuza soda anaapa kwamba kimeshuka kidogo tangu asubuhi, ingawa asubuhi hakikuwepo.

Kapteni akakumbuka kwamba yuko kazini. Akatoa kalamu, akamsogelea kinyozi kwa uso wa kazi.

"Umeona nini?"

"Hicho."

"Kieleze."

"Afande, si kile pale? Geuka tu."

Akamgeukia mteja wa nusu kichwa, naye akamjibu vilevile, kwa adabu zaidi. Kapteni akahisi kitu kikimtekenya kifuani, kama kikohozi kinachotafuta njia. Kilikuwa kicheko. Akakimeza.

Shangazi akapasua umati, mkononi kiti chake cha kukunja, begani taulo. Mawingu akamwamkia, "Shikamoo, mama," bila kutoa jicho kwenye darubini. Shangazi akaitikia, akafungua kiti, akakaa kama mwenye tiketi.

"Mbona hamkisalimii?" akauliza. "Mgeni amekaa hapo alasiri nzima, watu mnamkodolea macho tu. Ndiyo malezi hayo?"

Kisha akachukua taulo begani, akakipungia.

Kile kitu kikainama upande mmoja, taratibu kabisa, kikarudi sawa.

Mtaa ukapiga kelele moja ya furaha. Mawingu akaruka kutoka kwenye darubini, miwani imeshuka mpaka kwenye mdomo.

"Upepo!" akasema.

"Upepo uko wapi?" Kapteni akamuuliza. Nguo kwenye kamba za vibaraza zilikuwa zimening'inia wima, hata soksi haitikisiki.

"Basi imesadifu tu. Mara moja si kitu. Lazima turudie, tena watu wote wafanye jambo moja kwa wakati mmoja, tuone kama kinaitikia au kinajichezea." Macho yalikuwa yanawaka. "Jamani! Naomba wote mpunge mkono wa kulia!"

Ikawa vurugu. Kuna waliopunga kulia, kuna waliopunga kushoto, muuza soda akapunga kreti, na wale wa juu ya mapaa wakaanza kurukaruka. Kile kitu kikatikisika huku na huku, kama mtu anayeulizwa maswali na ukoo mzima kwa pamoja.

"Tunakichanganya!" Mawingu akalia. "Kapteni, wewe ndiye unayeiweza hii. Wapange!"

Kapteni akamtazama. Akatazama umati. Akapanda juu ya boneti ya gari, goti likimlalamikia, akavuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu aache uwanja wa makuruta.

"Guaraaaide!"

Mtaa ukanyamaza jii. Kinyozi alikakamaa, mashine ya kunyolea ubavuni kama bunduki. Watoto wakabana visigino. Hata njiwa waliacha kujikuna.

"Mguu... sawa!"

Miguu ikagonga lami, mingine mapema, mingine baadaye, kama magunia yanayoshushwa. Lakini huko juu, kile kitu kilichokuwa kimelegea kidogo upande wa kushoto kikajinyoosha, kikakaa sawasawa.

"Kulia... geuka!"

Nusu ya umati iligeuka kulia na nusu kushoto, watu wakagongana pua kwa pua na kuanza kuombana radhi. Kapteni hakuwaona. Alikuwa amekikodolea macho kile kibonyeo, na kile kibonyeo kilizunguka robo ya mduara, safi, bila kuyumba, kikasimama palepale kinapotakiwa kusimama.

Makuruta walimchukua mwezi mzima kufikia hapo.

Hapo ndipo kicheko kilipomshinda nguvu. Kilimtoka kwa mlio ambao hata yeye hakuujua, kama filimbi ya birika. "Kushoto geuka!" akaamuru huku anacheka, na kikageuka. "Nyuma geuka!" Kikachelewa kidogo, kama kinachotafakari, kisha kikageuka. Mawingu alikuwa ameketi chini kwenye lami, miguu imenyooshwa, anapiga mapaja makofi na kupiga kelele, "Kinaitikia! Kinaitikia, mama yangu, kinaitikia!" Watu walikumbatiana na wasiowafahamu. Shangazi alifuta machozi kwa taulo na kuwaeleza waliomzunguka kwamba huyo juu ya gari ni mwanawe, amemlea mwenyewe.

Katika hali hiyo Kanali akawasili, kipaza sauti mkononi na tamko lililoandikwa tayari. Alipita katikati ya watu bila kuinua macho, akapanda kwenye ngazi za tangi, akalipa mgongo tangi na kila kilichokuwa juu yake, akaanza kusoma.

"Wananchi, mnaombwa kutulia. Hakuna kitu. Kilichoonekana ni puto la hali ya hewa, na hata hilo puto limeshaondoka."

Nyuma yake kile kitu kilianza kushuka. Kilisogea kando ya tangi, kikashuka kidogokidogo, kwa heshima, mpaka kikawa juu tu ya kofia yake, na kivuli kikafunika karatasi.

"Nani amezima jua?" Kanali akauliza kwenye kipaza sauti.

Watu walikuwa hoi. Walishikana mabega wasianguke. Kanali akageuka kuona wanachekea nini, akainua uso, akabaki hivyo, sharubu zimesimama. Kipaza sauti kikamponyoka na kubiringika ngazi hadi chini. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye kofia, akapiga saluti iliyonyooka kuliko zote alizowahi kupiga mbele ya jenerali yeyote.

Kile kitu kikainama.

Kapteni aliona uso wa Kanali ukifunguka kwa tabasamu la mtoto aliyebebwa begani. Naye akajawa na furaha mpaka akili ikamruka. Guaride limekwenda vizuri, mkubwa amepigiwa saluti, limekwisha. Kinywa kikafanya kilichozoea kufanya.

"Guaride... tawanyika!"

Kikaondoka. Kilipanda juu bila mlio, kikawa sahani, kikawa kifungo cha shati, kikawa nukta, pakabaki anga tupu na njiwa. Baadhi ya watu nao walikuwa wameshageuka kwenda nyumbani, kwa kuwa wameamriwa.

"Umekitimua!" Mawingu akapiga ukelele.

"Mazoea!" Kapteni akajibu, mikono kichwani. "Mawingu, ni mazoea tu!"

Wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka wakalazimika kushikana, wao waliokuwa hawakubaliani hata juu ya dirisha.

Taarifa waliiandika pamoja jioni ileile. Picha za simu za watu wote zilionyesha doa jeupe tu, kama mtu amepiga picha taa. Kapteni alidhani Kanali angedai neno puto. Kanali aliisoma mara mbili, anachezea sharubu.

"Puto halirudishi saluti," akasema mwishowe. "Andikeni: hakijulikani." Akatia sahihi, akaondoka anapiga mluzi ukumbini.

Juma lililofuata Kapteni aliitwa mbele ya kamati ya majenerali na wataalamu wa kiraia, kwenye chumba chenye meza ndefu na glasi za maji. Alikwenda roho mkononi, anajua wanaweza kumvua cheo. Jenerali mzee kuliko wote alisoma taarifa yote kimya, akavua miwani.

"Kapteni, nataka ukweli mtupu. Nyuma geuka yake ilikuwaje?"

Kapteni akafikiri, maana swali lilikuwa la haki.

"Ilichelewa kidogo, afande. Lakini kwa mara ya kwanza, ningempa nafasi."

 Jenerali akaanza kutikisika mabega, jirani yake akafuata, na meza nzima ikaenda, glasi zikigongana. Waliporudisha pumzi waliamua kitengo kiongezewe watu, na kwamba safari nyingine, tafadhali, asiwe na haraka ya kukiruhusu kuondoka.

Siku hiyohiyo alimpitia Mawingu, wakaenda kwa Shangazi kumpa habari. Shangazi alisikiliza yote, akapiga vigelegele mpaka jirani wa chumba kisicho na kibali akachungulia dirishani. Kisha Mawingu akasimama katikati ya sebule, akapandisha miwani.

"Nami nataka kujua. Nifundishe hiyo nyuma geuka."

"Wewe? Na miguu hiyo?"

"Kimeweza kile kisicho na miguu kabisa."

Kapteni akasimama, akanyoosha kola, akatoa amri. Mawingu akageuka kwa nguvu zote, mguu mmoja ukaenda na mwingine ukakataa, akakumbatia kabati, kabati likamkumbatia. Shangazi aliinua vikombe vyake juu kuviokoa, na Kapteni akateremka ukutani mpaka chini sakafuni, anacheka, anaomba maji, anashindwa kuyanywa.